Nyusi za Mwalimu

Jumatatu, 3 Februari

Daftari hili ni la muhula huu tu. Daktari anayetufundisha saikolojia ya makuzi ya watoto na vijana ametaka kila mmoja wetu aandike kila siku alichokiona, hata kama ni mstari mmoja, na ameahidi kwamba hatalisoma. "Ni la kuwazoesha macho," amesema. Macho yangu mimi yamezoea zamani. Nimefundisha darasa la awali miaka kumi na saba, nimefuta makamasi ya watoto ambao leo wana watoto wao. Lakini nimejinyamazia, kwa sababu mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani, Daktari mwenyewe akiwemo, na sitaki kuonekana mjuaji siku ya kwanza. Nitasubiri hata wiki ya pili.

Mwalimu mkuu wangu amenipa ruhusa ya masomo, kwa sharti moja: nisianguke. Nikifaulu utafiti mdogo wa muhula huu naendelea mpaka shahada. Nikianguka, mwezi wa sita narudi darasani kwangu, na kwa umri wangu sioni nani atanipa nafasi ya pili. Mambo ndiyo hayo.

Jumanne, 4 Februari

"Shule ilikuwaje?" nimemuuliza Binti. "Kawaida," amejibu. Ndiyo mazungumzo yetu yote ya leo.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua imeanza. Paa la ukumbi wa mihadhara linavuja, na mhudumu ameweka ndoo katikati ya safu ya tatu. Kila tone likianguka tunageuka kulitazama, kana kwamba litasema kitu.

Leo tumesoma kuhusu vijana wanaobalehe. Tumeambiwa tusiwahoji kama polisi, bali tuwaonyeshe kwamba tumeona hisia zao. Nikaona hii ni ya kwangu. Binti ana miaka kumi na minne, na tangu Januari anajifungia chumbani kama mpangaji. Wakati wa chakula nikamwambia kwa sauti laini, "Naona leo una hisia nzito."

Akaweka kijiko chini. "Mama, hiyo ni ya kitabuni?"

Baba yake, ambaye ni fundi wa majokofu na hajawahi kunyamaza pale anapotakiwa kunyamaza, akacheka mpaka akapaliwa. Binti akachukua sahani yake akaenda zake.

Jumatano, 12 Februari

Utafiti umetangazwa. Kila mmoja atawapima watoto ishirini na wanne wa miaka minne na mitano. Unaweka glasi mbili zinazofanana, zina maji sawa, na mtoto anakubali kwamba ni sawa. Halafu mbele ya macho yake unamimina maji ya glasi moja kwenye glasi ndefu nyembamba. Kisha unauliza: maji mengi yako hapa, au yako hapa, au ni sawasawa? Watoto wengi wa umri huo husema glasi ndefu ina maji mengi, kwa sababu yamepanda juu. Kazi yetu ni kuuliza, kunyamaza na kuandika. Wazazi watatia saini barua za ridhaa, na kila kipimo kitarekodiwa kwa video.

Nimepangwa na msichana wa miaka ishirini na moja anayeongea haraka mpaka akikuomba kalamu tu unahitaji kupumzika. Mimi namwita Chapuchapu. Yeye ananiita Mwalimu, kwa adabu kabisa. Atanirekodi mimi, nami nitamrekodi yeye.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemaliza. Kati ya watoto ishirini na wanne, ishirini na wawili wamesema "sawasawa". Ishirini na wawili! Chapuchapu amepata watano tu. Nilimshika bega, nikamwambia asife moyo, kukaa na watoto ni kipaji, kinakuja na miaka. Akaniambia asante. Sasa nikikumbuka namna nilivyomshika lile bega natamani kujificha, ila leo hii bado sijui hivyo, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa: kichwa kimevimba.

(Sentensi hiyo ya mwisho nimeiongeza baadaye, kwa kalamu nyingine. Daktari hasomi, kwa hiyo si kosa.)

Alhamisi, 27 Februari

Mvua. "Shule ilikuwaje?" "Kawaida."

Jumatano, 5 Machi

Tumesoma matokeo mbele ya darasa. Wenzangu wana watano, wanne, saba, sita. Zamu yangu ilipofika nikatamka ishirini na wawili taratibu, ili ndoo isinifunike sauti. Ukumbi mzima ukageuka. Nilikuwa nimevaa gauni langu la vikao vya wazazi, na nilijiona nimeketi vizuri sana.

Daktari hakutabasamu. Ana swali lake moja analomuuliza kila mtu, hata ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua: "Ushahidi uko wapi?"

"Upo kwenye video, Daktari."

"Vizuri. Wiki ijayo tutaitazama wote."

Jumatano, 12 Machi

Leo nilitamani ardhi ipasuke inimeze na ndoo yake.

Chapuchapu aliwasha video ukutani. Mtoto wa kwanza ni yule mwenye pengo mbele, ninamjua, dada yake nilimfundisha mimi. Namimina maji, nauliza, anajibu "sawasawa", nasema "haya, asante". Nikajiegemeza kwenye kiti kusubiri sifa.

Daktari akasema, "Irudie. Safari hii zima sauti. Na ninyi msiangalie maji. Angalieni macho ya mtoto yako wapi."

Macho ya mtoto yalikuwa usoni pangu. Tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa mwangalieni Mwalimu."

Nikajiona. Nilipoonyesha glasi ya kwanza uso wangu ulikuwa mkavu. Nilipoonyesha ya pili, mkavu vilevile. Lakini nilipofika kwenye "au ni sawasawa", nyusi zangu zilipanda nusura ziingie kwenye nywele, kidevu kikashuka, mdomo ukaanza kucheka kabla mtoto hajafungua wake. Sikujua kama nafanya hivyo. Naapa sikujua.

Daktari akaweka watoto wengine watano bila sauti, akawataka wanafunzi wainue mikono wakiona jibu sahihi linapotajwa. Mikono yote ilipanda pamoja, mara tano, hata mkono wa yule kijana wa nyuma anayesinzia. Darasa likaangua kicheko. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeangalia glasi kabla ya kujibu. Na wale wawili waliokosa? Mmoja alikuwa anaangalia paka dirishani. Mwingine alikuwa amenipa mgongo.

Nikacheka na wenzangu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Jikaze kisabuni, nikajiambia. Mhadhara ulipokwisha Daktari akaniita pembeni.

"Mwalimu, hukudanganya," akasema. "Wewe ni mwalimu mzuri mno, ndiyo shida. Miaka kumi na saba unawasaidia watoto wapate jibu. Mimi nataka kujua wanachofikiri."

"Kwa hiyo nimeanguka?"

"Matokeo haya siwezi kuyapokea. Tafuta watoto wengine ishirini na wanne, shule nyingine, wasiokujua. Uniletee tarehe thelathini Aprili. Lakini ukirudi na nyusi hizi hizi, sitakuwa na njia nyingine."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa mguu bila kufungua mwavuli. Binti alinifungulia mlango akiwa na daftari mkononi. Nikamuuliza shule ilikuwaje. Kawaida.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika barua ya kuacha chuo. Nimeichana. Nimeiandika tena. Karatasi imelowa kwa sababu niliiweka karibu na ndoo ya ukumbini.

Ijumaa, 14 Machi

Chapuchapu, ambaye mimi ningekuwa yeye ningecheka mwaka mzima, amekuja na ushauri. Kwanza, nivae barakoa. Tukajaribu: nyusi ziko juu ya barakoa. Pili, nivae miwani ya jua. Tukajaribu kwa mpwa wake wa miaka mitano, akalia akitaka nyumbani kwao. Tatu, nipake usoni yai, likikauka uso hautacheza. Hilo hatujalijaribu, lakini sijasema hapana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewaambia nyumbani. Nilikuwa nimeficha siku tatu, nikaona liwalo na liwe. Nikasimulia yote mezani, pamoja na paka wa dirishani. Mume wangu ilibidi asimame akashike ukuta. Lakini jambo la ajabu ni Binti. Binti amecheka! Mbavu hana, machozi yanamtoka, amelaza kichwa mezani. Sijasikia kicheko kile tangu mwaka jana.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "hizo nyusi zako sisi tunazijua siku nyingi."

"Sisi nani?"

"Mimi na Baba."

Nikamgeukia mume wangu. Akajitia anatafuta chumvi.

"Nitakufundisha," Binti akasema. "Mimi nitakuwa nasema vitu. Wewe usifanye kitu na uso. Unaruhusiwa kusema 'enhe' tu. Ukichezesha hata kope, nagonga mfuniko wa sufuria."

Tumekubaliana: kila siku baada ya chakula, jikoni, wakati wa kuosha vyombo.

Jumatatu, 17 Machi

Mazoezi ya kwanza. "Mama, nimefukuzwa shule." Mfuniko. "Mama, nimeuza jiko." Mfuniko. "Mama, Baba ana nywele nzuri." Mfuniko, na hiyo naona hakunitendea haki, mtu yeyote angecheka. Nimegongewa mara kumi na moja.

Jumanne, 18 Machi

Mara tisa. Kumbe kidevu nacho kina mambo yake.

Jumatatu, 24 Machi

Mara sita. Leo amesema anataka kuwa rubani wa ndege za mizigo, na kwamba amemeza kifutio. Nimesema "enhe" zote mbili kwa sauti moja. Binti amenipa tano.

Ijumaa, 28 Machi

Mara mbili. Nimegundua jambo: nikisema "enhe" nikanyamaza, yeye anaongeza. Nikiuliza swali, anafunga. Nimeliandika kwenye daftari la chuo pia, kwa maneno makubwa zaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imepiga tangu mchana, umeme umekatika na kurudi mara tatu. Naandika yote kabla sijalala, kwa sababu sitaki kusahau hata neno.

Tulikuwa jikoni. Mimi naosha, yeye anafuta, mfuniko na kijiko viko karibu yake. Akaanza kama kawaida.

"Nimejichora chui mgongoni."

"Enhe."

"Nataka kuolewa na mwalimu wa hesabu."

"Enhe." Hapo nusura nyusi zinishinde.

"Leo nimekula chakula cha mchana maktabani."

"Enhe."

"Na jana."

"Enhe."

"Tangu shule ifunguliwe."

Nikasubiri sehemu ya kuchekesha. Haikuja. Nikaona kwa pembe ya jicho kwamba kijiko amekiweka chini. Alikuwa anafuta sahani ambayo ilishakauka.

"Wale wenzangu walihamia meza nyingine," akasema. "Nilipokwenda wakasema nafasi imejaa. Meza ya watu wanane, Mama. Wako watano. Na yeye ndiye aliyesema."

Sikuhitaji kuuliza yeye nani. Ni yule rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, aliyelala kwetu likizo zote, anayejua mahali sukari ilipo kuliko mimi. Nyusi zilitaka kupanda, kidevu kilitaka kutetemeka, mdomo ulitaka kusema "haiwezekani" na "ngoja nimpigie mama yake" na "mbona unao marafiki wengi tu". Nikauma shavu kwa ndani. Nikashika sufuria kwa mikono miwili chini ya maji.

"Enhe," nikasema.

Basi akasema yote. Namna anavyotembea polepole kengele ikilia ili watu wawe wameshakaa. Namna anavyosema ana kazi ya maktaba. Namna alivyofuta namba zao moja moja na kuzirudisha. Miezi mitatu! Nami nimekuwa nakwenda kujifunza mambo ya vijana chuoni, narudi, nakaa naye meza moja, sijui kitu. Alilia, nami nikampa kitambaa cha kufutia vyombo kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nilitaka sana kumwuliza kwa nini hakuniambia, nikalimeza. Lakini akalijibu mwenyewe.

"Ulikuwa unaniuliza shule ilikuwaje, nyusi zimeshapanda," akasema. "Nilikuwa naona kabisa unataka niseme nzuri. Nikishindwa kusema nzuri, nasema kawaida."

Nikawaona wale watoto wangu ishirini na wanne, wote wananitazama usoni na hakuna anayeangalia maji. Kumbe alikuwepo wa ishirini na tano, na huyu nimempima miaka kumi na minne. Niliona aibu kuliko ile ya ukumbini, na hii haikuwa ya kucheka.

Nikafuta mikono. "Unataka nifanye nini?"

"Hakuna. Usije shule. Usimpigie mama yake. Uwe unanisikiliza tu."

"Enhe."

Akacheka na machozi yake. Nikamkumbatia, maana kukumbatia hakukuwa kwenye sheria zetu.

Nimemwambia baba yake, kwa ruhusa ya Binti. Kabla sijamaliza alikuwa ameshika funguo na kiatu kimoja. Imenibidi nimkalishe. "Sema enhe," nikamwambia. "Enhe gani?" "Wewe sema tu." Akasema, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikuuliza shule ilikuwaje. Nilimenya viazi. Baada ya dakika kumi akaja mwenyewe akakaa juu ya gunia, akanisimulia habari za mkutubi wao anayepiga chafya kama baragumu. Alikula maktabani tena. Sikugongewa hata mara moja.

Jumatatu, 7 Aprili

Kesho naanza vipimo, chekechea ya upande wa pili wa mji. Sijawahi kuogopa watoto. Leo nawaogopa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemaliza wote ishirini na wanne! Naandika kwa furaha mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kumi na wanane wamekosa!

Wa kwanza alinitazama usoni akisubiri. Nikamtazama bila kitu. Akasubiri tena. Kisha, taratibu, akageuza macho akaangalia glasi. Nilitaka kushangilia. Akasogeza pua mpaka ikagusa, akasema, "Hii ndefu. Maji yamepanda, yamekuwa mengi." Enhe, haya, asante. Mwingine alisema glasi nyembamba imeyabana maji, na ikiachiwa yatapungua. Mwingine aliniuliza kama mimi ni mgonjwa. Na mmoja, msichana mdogo mwenye viatu vya kulia na kushoto vilivyobadilishana, aliangalia kwa muda mrefu, akaguna: "Si ni yale yale? Umeyamimina tu, hukuongeza." Nyusi zangu hazikusogea. Nilipofika chooni niliziachia.

Miaka kumi na saba ningewaambia wale kumi na wanane kwamba wamekosa, kwa uso tu, na wala nisingejua kwamba maji yanaweza kubanwa. Chapuchapu alizima kamera akaniinamia: "Mwalimu, ulikuwa unatisha."

Ndiyo sifa niliyoitafuta tangu Februari.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika ripoti. Mvua imepungua. Binti amesoma rasimu akasahihisha koma.

Jumatano, 30 Aprili

Nimewasilisha. Sikuvaa gauni la vikao. Niliwaonyesha video zote mbili, ya zamani na mpya, bila sauti, na badala ya kuhesabu majibu peke yake nilihesabu macho: mtoto anaangalia wapi kabla hajajibu. Zamani, usoni pangu, karibu wote. Sasa, kwenye maji. Nikamaliza, nikasubiri lile swali.

Daktari akafungua mdomo. Darasa zima likamtangulia, "Ushahidi uko wapi?" Hata yeye akacheka. Kisha akasema tutapata majibu wiki ijayo, na uso wake haukuonyesha kitu chochote. Nimeutafuta mpaka mlangoni. Huyu mwanamke ni fundi.

Jumatano, 7 Mei

Nimefaulu! Tena vizuri. Pembeni ya ripoti Daktari ameandika kwamba ukurasa wa macho ni bora kuliko utafiti wenyewe, na kwamba mwaka wa pili atanihitaji niwafundishe wenzangu kunyamaza. Nimempigia mwalimu mkuu. Nimemkumbatia Chapuchapu nikamwomba radhi kwa lile bega. "Bega gani?" akauliza. Hakuwa anakumbuka hata kidogo.

Ndoo imeondolewa. Limebaki duara kwenye sakafu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo Binti amerudi akikimbia, nikamsikia tangu getini. Mimi nilikuwa kwenye sinki. Akatupa begi.

"Mama. Kuna msichana wa darasa la jirani na letu, naye anakula maktabani. Wiki zote hizi tunakaa meza moja, katikati viti viwili."

"Enhe."

"Leo nimehama viti viwili."

"Enhe."

"Nikamwuliza anasoma nini. Alikuwa hasomi, alikuwa anahesabu chafya za mkutubi. Ameziandika, Mama, tangu Machi! Tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha. Mkutubi ametutoa nje."

"Enhe."

"Tumefukuzwa maktaba! Tumekwenda kula uwanjani, tumekaa kwenye ngazi, na Jumatatu atakuja na mayai."

"Enhe," nikasema, uso mkavu kama ukuta, mikono ndani ya povu.

Akanitazama. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kabisa.

"Mama, hii ni ya nyusi."

Nikaziachia zikapanda mpaka zilipotaka zenyewe, na kidevu, na mdomo, na vyote. Naye akachukua kijiko akaugonga mfuniko, akaugonga, akaugonga, mpaka baba yake akaja mbio kuuliza kumetokea nini.